Namna ya Kumpata Babu wa Maana Kabla ya Jumamosi

Ndugu yangu, najua shida iliyokuleta. Ulioa Chicago, ukapokewa vizuri, ukaitwa mwana. Mwezi wa tatu mama mkwe akapiga simu: ukoo unakutana Julai, fulana zimeshaagizwa, na wewe uliyetoka Afrika na unayejua kompyuta ndiye utakayesimama mbele ya watu themanini kuwaeleza walikotoka. Ukajibu, "Usijali mama, hilo niachie mimi." Leo ni Jumatano. Mkutano ni Jumamosi. Huna hata jina moja.

Tulia. Yalinikuta mimi mwaka juzi, na bado nimeoa.

Wamarekani wamekuwekea kila kitu mezani. Tarehe 1 Aprili 2022, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lao ilifungua karatasi za sensa ya 1950, kurasa zaidi ya milioni sita. Zinasomwa bure kwenye intaneti, na watu wamo kwa majina yao. Karatasi zenyewe zilikusudiwa kuonyesha hali ilivyokuwa tarehe 1 Aprili 1950. Yaani watu walihesabiwa kwa Siku ya Wajinga na siri zao zikafunguliwa Siku ya Wajinga. Kama hiyo si ishara ya kukutia moyo, sijui unangoja ishara gani.

Kati ya siku hizo mbili karatasi zilifungiwa miaka 72, kwa makubaliano ya 1952 yaliyokuja kuwekwa katika sheria mwaka 1978. Nia ilikuwa njema: aliyemweleza karani mambo ya nyumbani kwake asiaibishwe angali hai. Kwa hiyo wengi wa waliomo wameshatangulia mbele ya haki, na hawatasimama kukukanusha.

Wengi, nimesema. Sikusema wote. Lishike neno hilo, nitalirudia.

Hatua ya 1. Mchague babu kwanza, ndipo umtafute

Watafiti wa kweli huanza na wanachokijua, wakarudi nyuma kizazi kwa kizazi, kila jina na ushahidi wake. Fanya hivyo kama mkutano wenu ni wa mwaka 2040. Wewe wa Jumamosi anzia mwisho: uliza ukoo unataka babu wa namna gani, kisha nenda kamlete.

Wasikilize mashangazi. Katika familia za Marekani, iwe ya Weusi au ya Wazungu, hakosi bibi mmoja wa zamani aliyekuwa binti wa mfalme wa Wacherokee, mwenye nywele ndefu za kukaliwa. Wacherokee hawakuwa na ufalme wa kuzaa mabinti wa mfalme. Hilo halijamzuia mtu. Ukiambiwa habari za bibi huyo, itikia kwa kichwa na uandike.

Wala usijione mgeni katika fani hii. Sisi watu wa pwani ndio walimu wake. Kule Zanzibar, sensa ya 1924 iliandika maelfu kwa maelfu ya watu waliojiita Waswahili. Ilipofika sensa ya 1931, Waswahili walikuwa wamebaki kiduchu na Washirazi wameongezeka. Hapakuwa na tauni, hapakuwa na vita, wala hayakuonekana majahazi ya kuwahamisha. Watu walikaa barazani pao pale pale, wakanywa kahawa, karani akapita, wakabadilisha babu. Jina la Uswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na nani anataka kunuka mbele ya karani?

Sisemi kwa kuwacheka. Babu yangu mimi anatoka Shirazi kila Idi, na siku za kazi anatoka Pangani.

Hatua ya 2. Andika jina, bonyeza, mkubali wa kwanza

Fungua ukurasa wa kutafutia. Chagua jimbo, chagua jiji, andika jina la ukoo. Bonyeza.

Sasa ujue nani anakujibu. Faharasa ya majina iliyotolewa siku ile haikuandikwa na watu. Mashine ilifundishwa kusoma mwandiko, kisha ikapewa mwandiko wa makarani wapatao 140,000, walioandika kwa kalamu, wengine wamesimama kizani kwenye ngazi, wengine karatasi iko gotini na mbwa wa nyumba anawaangalia. Mashine ilijitahidi. Pia karani aliandika jina la ukoo mara moja tu, kwa mkuu wa kaya. Mkewe na wanawe wakawekewa kistari. Kwa hiyo ukimtafuta mtoto kwa jina la ukoo usishangae akikukwepa: kwenye karatasi ukoo wake ni kistari.

Ugumu huu ni rafiki yako. Mwaka ule Chicago ilihesabiwa watu 3,620,962, idadi ambayo jiji hilo halijaifikia tena katika sensa yoyote. Andika jina la kawaida uletewe mababu kwa debe. Chukua mwenye mwandiko unaosomeka vizuri. Atapendeza ukutani.

Iko njia ya haki. Nakutajia ili ujue pa kutokanyaga. Unampigia mama mkwe, unamwuliza wazazi wake walikaa mtaa gani masika ya 1950, nyumba namba ngapi. Unatafuta ramani inayoonyesha mtaa huo ulikuwa eneo gani la kuhesabia watu. Unafungua karatasi za eneo hilo, kisha unatembea na karani mlango kwa mlango, maana jina la mtaa limeandikwa pembeni kushoto na namba za nyumba zinashuka chini moja moja. Ukifika kwenye nyumba yao ukakuta hawakuwepo, unaruka hadi ukurasa wa 71: wale waliokosekana karani alipopita mara ya kwanza waliandikwa kuanzia hapo.

Umeiona hatari yake? Njia hiyo inakufikisha kwa babu mwenyewe. Na babu mwenyewe ana mambo yake.

Bahati mbaya mama mkwe huwa hasubiri kuulizwa. Mimi alinitumia anuani saa tano za usiku, pamoja na rangi ya mlango. Baada ya hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nilimpata babu, ukurasa wa 74, na ndugu wa mama mkwe wamejipanga chini yake kama ngazi. Mama mkwe mwenyewe hayumo, alikuwa hajazaliwa. Usiache kumsifia hilo. Yeye hukumbusha kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 3. Usisome. Tafsiri.

Nitakufungulia ukurasa wa wakwe zangu. Wako utafanana.

Ukurasa una mistari 30, kila mtu mstari wake. Mkuu wa kaya: mwanamume, miaka 40, mzaliwa wa Mississippi. Huyu alipanda treni ya Illinois Central kuja kaskazini, kama walivyofanya maelfu ya Weusi wa Mississippi waliokimbia pamba na kamba ya kunyongea. Kazi: kibarua. Wapi: kiwanda cha nyama. Hapo usiandike kibarua. Andika "alihudumu katika sekta ya chakula."

Halafu tazama safu ya mwisho ya kazi, yenye herufi moja moja. P ni aliyeajiriwa na mtu au kampuni. G ni wa serikali. Hata kama alifagia posta, kwako ni "mtumishi wa umma". O ni mwenye shughuli yake, basi hata kama alikuwa anang'arisha viatu stesheni, andika "mjasiriamali" na upige mstari chini. NP ni mtu anayefanya kazi bila malipo kwenye biashara ya jamaa zake. Huyo unamjua. Ndiye mtoto wa kaka aliyeletwa mjini kusoma, akakabidhiwa funguo za duka. Mwite "meneja".

Chini ya watoto utakuta wapangaji wawili, wanaume watu wazima wasio na undugu na mtu yeyote humo. Nyumba za upande wa kusini wa Chicago zilikuwa zimekatwa vyumba vyumba, familia na jiko lake ndani ya chumba kimoja, kwa sababu Weusi walibanwa wasipate nyumba kwingine huku kila treni ikishusha wengine. Wewe andika: "Nyumba yao ilikuwa na ukarimu wa kupokea wageni."

Rangi usiihangaikie. Mwaka ule karani hakumwuliza mtu, aliangalia kwa macho yake akaandika. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kuwa chotara katika karatasi ya 1920 na kuwa mweusi katika ile ya 1930: fomu ilikuwa imelifuta kundi la machotara, na yeye akafutwa nalo bila kubadilika hata ukucha.

Anafuata mke wa mkuu wa kaya. Miaka 36. Swali: wiki iliyopita alikuwa akifanya nini zaidi? Karani kajaza H, maana yake anatunza nyumba. Swali linalofuata linauliza kama alifanya kazi yoyote ile, bila kuhesabu kazi za nyumbani. Hapana. Anatafuta kazi? Hapana. Kutoka hapo mpaka ukingo wa karatasi ni weupe mtupu. Mama huyu ana watoto watano na wapangaji wawili, na wiki nzima hakufanya kazi.

Mpite haraka. Mimi nilimpita. Hapakuwa na cha kuonyesha.

Hatua ya 4. Usikaribie kikokotoo

Kishawishi kitakujia cha kulinganisha sensa na sensa. Kishinde. Bibi wa mke wangu alikuwa na miaka 22 mwaka 1930, miaka 29 mwaka 1940, na miaka 36 mwaka 1950. Dunia ikienda kumi yeye anaenda saba. Kwa mwendo ule, kama asingefariki, ipo siku angekuwa mdogo wangu.

Na babu wa miaka 40 kamili? Watu wa takwimu duniani kote wanamfahamu: umri unaoishia na sifuri au tano hujaa watu kuliko jirani zake, kwa sababu anayeulizwa hukadiria na anayeandika amechoka. Nawe usijifanye mwema. Kwetu bibi alizaliwa mwaka wa njaa, na njaa zilikuwa nyingi, akachagua iliyomfaa.

Kwenye hali ya ndoa, ukiona mwanamke kaandikwa mjane, toa pole na usonge mbele. Usimtafute mumewe. Utamkuta mtaa wa tatu, mzima wa afya, ana familia nyingine. Mjane huletewa chakula na majirani; aliyeachwa huletewa maswali. Karani aliambiwa lile lenye heshima.

Ukibanwa na shemeji mjuaji, na hakosekani, mwulize kwa upole: "Kwani nani alimjibu karani?" Karatasi za 1940 zina alama ya X ndani ya duara kwa aliyetoa majibu. Za 1950 hazina. Huna namna ya kujua kama aliyesema ni mume, mke au mtoto aliyefungua mlango. Kila kosa la ukurasa mtwishe mtu huyo asiyejulikana. Hatakushitaki.

Hatua ya 5. Ombea babu asiangukie kwenye sampuli

Mistari michache ya kila ukurasa ilitengwa mapema, kabla karani hajatoka kwake. Ambaye jina lake lilidondokea pale aliulizwa ya ziada: mwaka mmoja nyuma alikaa wapi, wazazi wake walizaliwa nchi gani, alifika darasa la ngapi, mwaka 1949 aliingiza dola ngapi. Wa mwisho katika kundi hilo aliongezewa tena: kama ameoa au kuolewa zaidi ya mara moja, na kama ni mwanamke, amezaa watoto wangapi. Hakuna aliyechaguliwa kwa sura wala kwa sifa. Ni mstari tu.

Kwa mtafiti hiyo ni dhahabu. Kwako wewe mwenye slaidi tano ni balaa. Babu wa mke wangu alidondokea humo. Darasa la nne. Mapato yake ya 1949, mwaka mzima wa kubeba nyama kwenye baridi, hayakufikia gharama ya fulana zetu na kukodi uwanja wa Jumamosi ile. Nikaikata picha ya ukurasa chini kidogo, mahali panapofaa. Ndiyo maana mkasi uliwekwa kwenye programu za picha.

Hatua ya 6. Kila kilichopotea, kiliungua

Ukirudi nyuma zaidi utakutana na shimo, na ni shimo zuri, litumie. Januari 1921 moto uliwaka Washington, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la Wizara ya Biashara, zilikokuwa karatasi za sensa ya 1890. Moto ulichoma zake, maji ya kuzimia moto yakaharibu zake. Mabaki yakakaa miaka. Halafu Februari 1933 bunge likaidhinisha yateketezwe, siku moja baada ya Rais Hoover kuweka jiwe la msingi la jengo la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Yaani jana unazindua kabati, leo unachoma nguo. Katika watu takriban milioni 63 waliohesabiwa, vimebaki vipande vyenye majina zaidi kidogo ya 6,000.

Kwa hiyo kati ya 1880 na 1900 hakuna wa kukuuliza. Miaka ishirini! Mtu anaweza kuzaliwa, kuhama jimbo, kubadili jina na kuoa humo ndani. Weka humo lolote linalokusumbua. Binti wa mfalme wa Wacherokee anaishi humo kwa raha zake. Wakidai karatasi, inamisha kichwa useme, "Moto wa 1921." Sema polepole, kama mtu aliyefiwa.

Hatua ya 7. Hapa sina ujanja

Utaruka shimo, utafika 1880, kisha 1870. Hapo utamkuta babu wa babu, Mississippi, kwenye shamba la pamba lisilo lake, ana mke na watoto, na wote wameandikwa kwa majina. Utafurahi. Utafungua 1860 ili uendelee.

Hayumo. Utabadilisha tahajia ya jina. Hayumo. Utajaribu kaunti ya jirani. Hayumo.

Wenyewe hupaita ukuta wa 1870, kwa sababu hiyo ndiyo sensa ya kwanza baada ya utumwa kukomeshwa, ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Mwaka 1850 na 1860 walikuwa na karatasi yao ya pembeni. Jina lililoandikwa ni la mwenye kuwamiliki. Chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. Thelathini, mwanamume, mweusi. Ishirini na sita, mwanamke, mweusi. Miwili, wa kike, mweusi. Kisha anaanza mmiliki mwingine.

Nilikaa mbele ya ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Nilijua pengine yule wa miaka 30 ndiye. Pengine ni wa ukurasa unaofuata, au wa kaunti nyingine. Hapo mashine haina cha kusoma, na mimi nilikuwa sina cha kupamba, maana hata uongo unahitaji jina la kuushikia.

Tuna methali kwetu, mkataa kwao ni mtumwa. Tunamzomea nayo kijana aliyerudi kutoka mjini na hataki kula muhogo. Pale Chicago ilinigeuka mdomoni. Watu wale hawakukataa kwao, walikatwa. Nikawakumbuka na wa Zanzibar waliolikimbia neno moja mbele ya karani mwaka 1931, nikaona kicheko changu cha Hatua ya 1 hakikuwa na haki yote.

Ushauri wangu hapa ni mfupi. Onyesha ukurasa ule wa 1860 ulivyo, usiseme kitu, hesabu mpaka ishirini moyoni, endelea. Watu watakuja kukushika mkono baadaye. Wape mkono. Ndiyo slaidi pekee ambayo hukuiba.

Hatua ya 8. Jumamosi yenyewe

Vaa fulana ya ukoo. Kula mbavu kabla, si baada. Baada yake mikono itatetemeka. Hakikisha projekta inafanya kazi ndani ya ukumbi mdogo, maana uwanjani jua litakula picha, ingawa kwa kazi tuliyoifanya wengine wangeona hiyo ni heri.

Anza na sekta ya chakula. Wataguna kwa fahari. Taja ukarimu wa kupokea wageni. Taja moto wa 1921. Mambo yatakwenda vizuri mno, na hapo ndipo ulikumbuke lile neno nililokupa mwanzoni: wengi, si wote.

Mama mkubwa wa mke wangu ana karibu miaka themanini. Mwaka 1950 alikuwa na mitano. Ndiye mstari wa 19, jina lake na kistari. Alikaa mbele kabisa amevaa kofia ya kanisani. Nilipokuwa nageuza ukurasa akainua fimbo.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akafuata mistari kwa ncha ya fimbo, baba yake, mama yake, akafika kwenye safu ile nyeupe.

"Hiyo H ni nini?"

Nikamweleza kwamba maana yake mama alikuwa anatunza nyumba, hakuwa na kazi wiki ile.

"Nyumba ya nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Akatueleza. Siku nne za wiki mama yake alipanda basi kwenda kufua na kupiga pasi kwenye nyumba za watu. Siku tatu zilizobaki aliwapikia na kuwafulia wale wapangaji, na kodi ya nyumba ilitoka kwenye ndoo yake, si kwenye kiwanda cha nyama. Siku ya karani alikuwa amerudi sasa hivi, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliposikia hodi alivua aproni, akavaa hereni, akasimama mlangoni.

"Mimi nilimshika sketi," akasema mama mkubwa. "Karani alimwuliza kama anafanya kazi. Mama akamwambia, 'Hapana bwana. Mume wangu ananitunza.'"

Kisha akacheka mpaka kofia ikaenda upande, na ndugu zake wote wakacheka naye, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajazaliwa, akacheka kuliko wote.

Ndugu yangu, siku tatu nilikuwa nahangaika kuwapamba watu hawa. Bibi alikwisha kujipamba mwenyewe, mlangoni, miaka sabini na kitu nyuma, kwa herufi moja. Sensa ilimkosa pale ambapo yeye mwenyewe alitaka ikose, na aliyebaki na ukweli alikuwa mtoto wa miaka mitano aliyeshika sketi. Nilikuwa nimemwona kwenye orodha siku ya kwanza. Namba ya simu yake ninayo. Sikumpigia.

Basi ukiwa na mtu wa namna hiyo, mpigie leo, Jumatano, kabla hujafungua kompyuta. Najua hutampigia. Karatasi za 1960 zitafunguliwa Aprili 2032, kwa hiyo utapata nafasi nyingine ya kufanya uzembe huu huu.

Usiku ule, nikiosha masufuria ya wakwe, nilimkumbuka mama yangu Tanga. Agosti 2022, siku za sensa, nilikuwa naongea naye kwenye simu alfajiri karani alipobisha hodi na kishikwambi chake. Hakuikata simu, aliiweka dirishani, nikasikia yote. Karani akafika kwenye shughuli. Mama akajibu, "Mimi niko nyumbani tu, mwanangu." Nyuma yake mafuta yalikuwa yanalia karaini, na mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa anadai chenji yake.

Karani akajaza hivyo hivyo, akanunua vitumbua vinne, akaenda nyumba ya pili.